Hija ya Mama Elieth

Leokadia alifika Marekani mwaka 1992 akiwa yaya wa familia ya ofisa mmoja wa ubalozi. Alikuja na sanduku moja na ahadi ya miaka miwili. Ahadi hiyo alikuwa ameitoa mwenyewe, kwenye baraza ya nyumba ya mama yake kule Kilema, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, mbele ya binti yake wa pekee, Elieth. Baba wa mtoto alikufa kwa ajali ya lori karibu na Himo, Elieth akiwa bado anatambaa. Siku ya kuagana Elieth alikuwa na miaka kumi. Hakulia. Aliuliza tu kama miaka miwili ni Krismasi mbili au tatu, na mama yake akamjibu kuwa ni mbili.

Zikapita Krismasi sita.

Ile familia ya ubalozi ilirudi nyumbani mwaka 1995, na Leokadia hakurudi nayo. Alihamia Wheaton, Maryland, kwenye chumba kimoja cha ghorofa nyuma ya jengo kubwa la maduka, akaanza kazi ya kutunza wazee majumbani: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani ili ngozi isichubuke. Viza yake ilikufa kimyakimya. Kila mwaka alijiambia mwaka mmoja tu, Elieth amalize shule ya msingi; kisha mwaka mmoja tu, aanze sekondari ya bweni. Mtoto alisoma vizuri na aliandika barua kwa mwandiko ulionyooka. Barua hizo Leokadia alizisoma kwenye basi akienda kazini, na alipofika mwisho alianza tena mwanzo.

Jumamosi alikwenda kwenye jumuiya. Ilikuwa jumuiya ndogo ndogo kama zile za nyumbani, watu wachache wanaokutana sebuleni kwa Nyaguthii, muuguzi kutoka Nyeri aliyeishi mtaa wa tatu kutoka kwake. Kiongozi wa sala alikuwa Mzee Silvanus, aliyewahi kuwa katekista Bukoba kwa miaka ishirini na sasa alikuwa akisafisha maofisi. Nyaguthii alikuwa na sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, na hakuna aliyetoka kwake bila kushiba. Kama ilivyo desturi, hakuna pia aliyemwita Leokadia kwa jina lake. Alikuwa Mama Elieth.

Januari ya 1998 Mzee Silvanus alipendekeza jumuiya ijifunze maisha ya Mtakatifu Elizabeti Ana Seton, kwa kuwa aliishi na kufa katika jimbo hilohilo la Maryland.

"Huyu si mtakatifu wa kwenye picha tu," alisema. "Alikuwa mjane na watoto watano. Mume wake alimfia ugenini, huko Italia. Alipoingia Ukatoliki ndugu wengi wakamtenga. Akaja Baltimore kufundisha watoto, kisha akapanda kule milimani, Emmitsburg, akaanzisha shirika la masista. Tumsome mwaka mzima. Mwezi wa kumi twende tukahiji."

Wote wakakubali. Mzee alikuwa akitafsiri kitabu cha maisha ya mtakatifu huyo kidogo kidogo kwenye daftari, na kila Jumamosi aliwasomea kipande.

Katikati ya Februari, siku ya Ijumaa asubuhi, Leokadia alirudi kutoka kwenye zamu ya usiku akakuta taa ya mashine ya kurekodi simu inawaka. Ilikuwa sauti ya padri wa parokia ya nyumbani. Alisema apige, hata kama ni saa ngapi. Leokadia alikwangua kadi ya simu kwa ukucha, akakosea namba mara mbili, mara ya tatu ikaita.

"Leokadia," padri alisema, "keti chini, binti yangu."

"Nimeketi," alisema, naye alikuwa amesimama.

Malaria ilikuwa imempanda Elieth kichwani. Alianza kuumwa shuleni Jumatatu, Jumatano akaletwa hospitali, Alhamisi alfajiri akafariki. Bibi yake alikuwa naye. Maziko yangekuwa Jumanne, na ukoo ulikuwa unauliza kama mama ataweza kufika.

"Nipe mpaka kesho, Baba," Leokadia alisema.

Alikuwa anajua jibu kabla ya kuweka simu chini. Mwaka uliotangulia mwanasheria mmoja, kwenye ukumbi wa kanisa ambako walitoa ushauri bure, alimweleza sheria mpya ya uhamiaji. Ukitoka sasa, alimwambia, utafungiwa mlango miaka mitatu. Ukichelewa kutoka, kumi. Na hata ikiisha, mama, usitegemee kwamba kuna mtu atakupa viza. Leokadia alikwisha kulipima jambo hilo mara nyingi kwa ajili ya Elieth, na kila mara jibu lilikuwa kubaki, kwa sababu mtoto alikuwa anasoma. Sasa alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea friji, akalipima upya, na jibu likatoka lilelile, ingawa sababu haikuwepo tena. Hilo ndilo lililomtisha kuliko kitu kingine chochote. Jumamosi alimpigia padri akamwambia hataweza kufika. Padri hakumlaumu. Alisema atamweleza bibi.

Jumanne, saa ambazo kule Kilema walikuwa wanamfukia Elieth, Leokadia alikuwa kazini. Bibi kizee aliyekuwa anamtunza aliomba kukatwa kucha. Leokadia alileta beseni la maji ya moto, akailoweka miguu yake, akazikata kucha zote kumi, moja baada ya nyingine, akazisugua mpaka zikawa laini. Bibi yule akamwambia ana mikono mizuri.

Kwenye jumuiya hakumwambia mtu. Alijua wangefanya nini: wangekuja wote, wangejaa chumbani kwake na sufuria na shuka, wangeimba, wangempangia safari, na mtu wa kwanza mlangoni angeuliza, "Unaondoka lini?" Angelazimika kusema haondoki. Alijiambia atasema wiki ijayo. Wiki ijayo Nyaguthii alimpokea mlangoni na kikombe cha chai.

"Mama Elieth! Na msichana wetu ako aje? Ako fomu gani sasa?"

"Hajambo," Leokadia alisema. "Yuko shuleni tu."

Neno likishatoka hivyo halirudi. Wiki iliyofuata aliulizwa tena, na iliyofuata tena, naye akawa anajibu. Elieth anasoma. Elieth anasalimia. Nyaguthii alikuwa na binti mmoja, Violet, mwenye miaka kumi na sita kamili, mrefu, aliyekielewa Kiswahili chote ila alijibu kwa Kiingereza. Leokadia alijifunza kukaa mahali ambapo Violet hayupo mbele ya macho yake.

Mwezi wa sita Elisante akatangaza kuwa anakwenda nyumbani. Elisante hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mlutheri wa Marangu, dereva wa gari la kubebea wageni wa hoteli, na alikuja kwenye jumuiya kwa ajili ya chakula cha Nyaguthii na kuzungumza na watu wa kwao. "Mimi ni dereva tu," alikuwa akisema wakianza kuomba watakatifu, na kila mtu alicheka. Sasa alisimama sebuleni akauliza nani ana mzigo.

"Mama Elieth, wewe si wa kuuliza. Kilema napita mlangoni. Nipe zawadi ya mtoto, nitamkabidhi mkononi mwake."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Siku ya pili Leokadia aliingia dukani akanunua gauni la rangi ya samawati lenye kola nyeupe. Muuzaji alimuuliza saizi. Hakujua. Alikuwa hajamwona Elieth tangu akiwa na miaka kumi. Alimwambia, "Msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba," akalikunja vizuri, akalifunga kwenye karatasi, akampa Elisante.

Elisante alirudi mwisho wa Julai. Leokadia alikaa akisubiri aseme. Elisante aligawa kahawa na barua za watu, na alipofika kwake alimtazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Mzigo wako nimeufikisha, dada," alisema. "Bibi anakusalimu." Basi. Akapita kwa mtu mwingine.

*

Hija ilikuwa Jumamosi ya pili ya Oktoba. Walikuwa wamejiandikisha kumi na wawili, lakini zamu za kazi ziliwapunguza mpaka wakabaki watano: Mzee Silvanus, Nyaguthii na Violet, Leokadia, na Elisante kwenye usukani wa gari aliloazima. Waliondoka Wheaton saa moja asubuhi, mvua nyembamba ikinyesha, Nyaguthii akigawa mandazi kabla hata hawajaingia barabara kuu.

Mzee alikuwa ameyagawa maisha ya mtakatifu katika vituo, na kila kituo alikuwa amekipa msomaji. Aliyasoma majina garini. Nyumba ya Baltimore, ambako Elizabeti alifungua shule yake, ni Nyaguthii. Nyumba ya mawe kule Emmitsburg, ambako masista wa kwanza walilala theluji ikiwapenyea kwenye paa, ni Violet, kwa Kiingereza kama hataki Kiswahili. Makaburini, kifo cha Ana Maria, binti mkubwa wa Elizabeti, ni Mama Elieth.

"Mzee," Leokadia alisema, "naomba tubadilishane. Mimi nisome kingine."

"Nimekupa hicho kwa kuwa wewe ni mama wa binti," Mzee alisema, akigeuka kwenye kiti cha mbele akitabasamu. "Utakisoma vizuri kuliko sisi."

Elisante alimwangalia kwenye kioo cha juu ya usukani. "Mzee, si umpe mtu mwingine? Kama mtu hataki."

"Tumeshapanga," Mzee alisema kwa upole.

Baltimore walisimama mbele ya nyumba ndogo ya matofali, Nyaguthii akasoma kwa sauti ya kuamsha mtaa. Kisha wakashika barabara ya magharibi, wakapita Frederick, wakageuka kaskazini ambako milima ilianza kuonekana, miti yake ikiwa imeshika wekundu na manjano chini ya mawingu. Mzee aliongoza rozari. Leokadia alipeleka shanga mbele kwa vidole bila kujua wamefika fungu la ngapi.

Kwenye nyumba ya mawe sista mmoja mzee aliwaonyesha chumba kilichokuwa na magodoro sakafuni. Violet alisoma kipande chake haraka haraka akiona haya. Mvua ilikuwa imekatika walipotoka kwenda makaburini. Ni bustani ya nyasi iliyozungushiwa ukuta, na mawe meupe madogo ya masista yamepangwa safu kwa safu, yote sawa. Walisimama upande walikozikwa watu wa kwanza, miongoni mwao mabinti wawili wa Elizabeti. Mzee alimpa Leokadia daftari.

Alianza vizuri. Alisoma kwamba Ana Maria alikuwa na miaka kumi na sita alipougua kifua kikuu; kwamba alidhoofika majira yote ya baridi, akaweka nadhiri za usista akiwa kitandani; kwamba mama yake hakumwacha, alimlisha, alimgeuza, alikesha naye. Kwamba asubuhi ile ya mwezi wa tatu mama alikuwepo.

Hapo akasimama. Akarudia, "Mama alikuwepo."

"Endelea, mama," Mzee alisema taratibu.

"Huyu alikuwepo," Leokadia alisema. Hakuwa akisoma tena. "Alimshika mkono. Alimfumba macho. Akamzika hapa, karibu na nyumba yake. Mimi nilikuwa nakata kucha za mtu."

Nyaguthii alisogea. "Mama Elieth? Unasema nini? Kucha za nani?"

"Elieth amekufa. Alikufa Februari. Malaria. Nilipigiwa simu Ijumaa na walimzika Jumanne, na Jumanne mimi nilikwenda kazini."

Gari lilipita kwenye barabara ya nje, likatokomea. Mzee Silvanus alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili, kisha akafungua mdomo kwa sauti yake ya katekista. "Mungu, katika hekima yake, humwita yule anayem—"

"Mzee, nakuomba," Elisante alisema. "Nyamaza kidogo."

Lakini Nyaguthii alikuwa ameiva uso. "Februari?" alisema. "Februari, Machi, Aprili… Nimekuuliza kila wiki. Kila wiki, kwa nyumba yangu! Unaniambia ako sawa, anasalimia. Mimi nimekuwa nikimwombea huyo mtoto mtihani! Nimemwombea mtihani na ako kwa kaburi! Wewe ni mtu wa aina gani?"

"Sijui," Leokadia alisema.

"Ungeniambia. Mimi ni nani kwako? Ungeniambia mimi peke yangu."

"Ungeniuliza naondoka lini."

Nyaguthii alimtazama. Ikamfikia taratibu, mambo ya makaratasi, kwa nini rafiki yake hakuwahi kusafiri hata mara moja kwa miaka sita. Ikaonekana usoni kwake inavyoingia. Lakini hasira haikuondoka kwa sababu hiyo. Aligeuka akaenda zake kwenye gari, akatembea kwa hatua ndefu katikati ya mawe, na wakasikia mlango ukibamizwa.

Violet hakumfuata mama yake. Alichukua daftari kwenye mikono ya Leokadia, maana lilikuwa linaelekea kuanguka kwenye nyasi, akasimama nalo kando yake. Kisha akasema kwa Kiswahili, kigumu, kama mtu anayekanyaga mawe pekupeku, "Pole, Auntie. Pole sana."

Na Leokadia, aliyekuwa amemkwepa mtoto huyo kwa miezi minane, alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, ameinama, mikono magotini, na Mzee Silvanus akapiga magoti kwenye nyasi mbichi bila kusema sala yoyote.

Alipotulia Elisante alimsogelea. Alitoa bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti. Pembe zake zilikuwa zimechakaa.

"Dada, mimi nilijua," alisema. "Nilifika na mzigo, nikamuulizia mtoto, bibi akanichukua nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akanionyesha. Hakuniuliza kitu. Aliniambia, 'Hajawaambia wenzake?' Nikamwambia hajasema. Akasema, 'Basi na wewe usiseme. Nipige picha hapa umpelekee, ila usimpe mpaka aseme kwa mdomo wake.' Nimetembea nayo tangu Julai."

"Kila Jumamosi ulinisikia nikidanganya."

"Nilikusikia."

"Na ukanyamaza."

"Ningefanyaje?" Elisante alisema. "Nilijaribu asubuhi, usipewe kile kipande. Ningefanyaje zaidi?"

Leokadia alifungua bahasha. Kaburi lilikuwa katikati ya migomba na mibuni, udongo wake tayari umeshuka, msalaba wa saruji umeandikwa jina kwa mkono. Kando yake alisimama mama yake, amezeeka kuliko alivyomkumbuka, na mkononi ameshika gauni la samawati lililokunjwa, kola nyeupe ikionekana. Alikuwa anaitazama kamera moja kwa moja.

Hawakwenda kwenye basilika yenye masalia ya mtakatifu. Mzee aliuliza, na Leokadia akasema amechoka. Walirudi njia yote bila rozari. Nyaguthii alikaa mbele, hakugeuka. Karibu na Frederick alipitisha chupa ya chai nyuma bila kuangalia, na Leokadia akaipokea.

*

Jumamosi iliyofuata walimfanyia Elieth matanga nyumbani kwa Nyaguthii, miezi minane baada ya maziko. Watu walikuja hata kutoka mji wa mbali wa Manassas. Nyaguthii alipika tangu asubuhi, alipanga viti, aliweka ile picha mezani pamoja na mshumaa, na mgeni wa kwanza alipofungua mdomo kuuliza habari za safari, alimkata: "Hasafiri. Ukitaka kujua zaidi uniulize mimi." Lakini yeye na Leokadia hawakurudi kuwa kama zamani. Nyaguthii hakumuuliza tena chochote bila kumtazama machoni akisubiri, kana kwamba anapima jibu, na Leokadia aliona kuwa ana haki.

Mama yake hakuwa na simu. Alikuja parokiani Jumapili moja kila mwezi, baada ya misa ya kwanza, na Leokadia alimpigia hapo. Tangu Februari walikuwa wamezungumza mambo ya dawa za presha na paa la jiko. Jina la mtoto walilizunguka. Januari ya 1999 ndipo Leokadia alipopata ujasiri wa kumwambia picha imemfikia, na kwamba amewaambia watu.

"Vizuri," mama yake alisema.

"Mama, nisamehe. Nitakuja. Nikipanga mambo, nitakuja."

Upande wa pili palikuwa na kelele za watu wanaotoka kanisani.

"Ulipokuwa unaniambia umebaki kwa ajili ya Elieth, nilikuelewa," mama yake alisema. "Nikamwambia hata yeye mwenyewe alipokuwa analia. Sasa niambie na mimi nielewe. Umebaki huko kwa ajili ya nani?"

Leokadia alifikiri kuhusu wazee wanaosubiri kugeuzwa, kuhusu chumba chake, kuhusu ule mlango ambao mwanasheria alisema utafungwa nyuma yake. Alifikiri kuhusu kushuka kwenye gari pale Kilema na kutembea mpaka kwenye migomba.

"Sijui, Mama."

"Basi usiniambie tena kwamba utakuja."

Hakumwambia tena. Mwezi uliofuata alipiga, na uliofuata, na mama yake alikuja kupokea kila mara. Walizungumza kuhusu mvua, na bei ya kahawa, na nani amezaa.